Pawatila kwenye jaruba: tope inaliweza, kinamasi haikiwezi

Pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, ikiwa ya dizeli ya nguvu farasi 12 hadi 16, ni mashine nzuri sana ya kuchavanga majaruba ya mpunga, yaani kuvuruga udongo na maji hadi uwe tope laini. Kwenye kinamasi usiipeleke kabisa. Wauzaji wengi huyaita yote mawili tope, na anayeumia ni mkulima.

Tope la jaruba lina sakafu, yaani tabaka gumu lililo kwenye kina cha sentimita 15 hadi 25, na hapo ndipo magurudumu yanapokanyaga. Kinamasi hakina sakafu: maji huchimbuka mwaka mzima, mafunjo yameozea humo, na mashine yenye zaidi ya kilo 300 huzama hadi ekseli. Kabla ya kukodi au kununua, ingia shambani ukanyage kwa kisigino. Mguu ukigota kabla tope halijafika katikati ya muundi, sawa. Ukizama hadi gotini bila kugusa kigumu, chimba mitaro kwanza maji yashuke, au lima kwa jembe.

Kwa kuchavanga, vua matairi, funga magurudumu ya chuma. Loweka shamba siku 3 hadi 7, kisha bakiza maji ya kama sentimita 5. Yakipungua, udongo hunata kwenye visu vya kulimia. Yakizidi, huoni palipoinuka na tope hurukia mikanda, ikalowa na kuteleza. Pita mara mbili, ya pili ukikatiza ya kwanza. Sawazisha kwa ubao, acha tope litulie siku moja au mbili ndipo upandikize.

Udhaifu mkubwa wa pawatila ni sili za ekseli, yaani vizibo vinavyozuia maji kuingia na mafuta kutoka. Maji yakipenya, mafuta ya giaboksi hugeuka meupe kama maziwa. Yakague kila jioni; ukiona weupe, mwaga na ubadilishe sili kabla ya kutia mapya, la sivyo beringi zitakufa msimu huohuo. Mabua nayo hujiviringisha kwenye shafti ya visu. Zima injini kabisa ndipo uyakate.

Ikikwama, usikaze moto wa injini, maana magurudumu yatazidi kuchimba. Toa gia ya visu ili visizunguke, tanguliza mbao mbele ya magurudumu, toka kwa gia ya kwanza.

Pawatila zilipoenezwa Tanzania wakati wa Kilimo Kwanza, mpango wa kuinua kilimo uliozinduliwa mwaka 2009, zililalamikiwa pia kwenye udongo mkavu mgumu. Malalamiko hayo ni ya haki: huko trekta kubwa ndiyo inayofaa.

Unaponunua, dai magurudumu ya chuma yawe ndani ya bei, na yafungwe mbele yako uone kama matundu ya bolti yanaoana.