Fundi laptop wa Mwanga, Kigoma: kazi safi ila kile kikaratasi!

Jamani laptop yangu ilikuwa nzito balaa, kuwaka tu unamaliza kikombe cha chai, alafu kila flashi nikichomeka mafaili yanageuka shotikati. Nikampelekea fundi mmoja hapa Mwanga, akacheka, akasema hivi virusi umevibeba steshenari unakoprintia, sikubisha maana ni kweli.

Nilichompendea hakuniuzia antivairasi ya kukraki kama yule wa mwanzo, yule alizima Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, kabisa ili kraki yake ipite, mtu mzima kabisa! Huyu kaiwasha ile ile inayokuja na Windows, ya bure, kaskani mpaka flashi, akanipandisha Windows 11 sababu sapoti ya kawaida ya 10 iliisha Oktoba 14, 2025.

Ila sasa, paswedi yangu kaiandika kwa makapeni kwenye kikaratasi kakibandika juu ya laptop, ikakaa kaunta siku mbili kila anayekuja kuchaji simu anaisoma. Nimefika home hata viatu sijavua nikaibadilisha, na Gmail nikaweka uthibitisho wa hatua mbili.

Elfu 25 nimelipa, sijutii. Nyota nne, ya tano aitafute kwenye kile kikaratasi.