Nimejaribu chupa ya kulainisha stelingi kwenye gari la mwaka 1998

Wadau, karibuni. Chupa hii nimeinunua Gerezani, jina nimeliziba kwa selotepu makusudi, maana zipo za kila aina na zote zinajisifia jambo lilelile: mimina kwenye oili ya stelingi, stelingi nzito inakuwa laini na oili inaacha kuvuja. Haya. Kabla sijafungua kifuniko, tujue kwanza stelingi imekuwa nzito kwa sababu gani.

Gari ni la 1998, pawa stelingi yake ni ya pampu na oili. Kama lako ni la mota ya umeme, hakuna pa kumimina, chupa hii haikuhusu. Ugonjwa wenyewe: ukitaka kuegesha, unazungusha usukani mpaka bega linauma. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Pampu imekufa hiyo, bosi." Nikamwambia asante, nikaondoka.

Nilianza na upepo. Msicheke. Tairi la mbele kulia geji ilisoma 22, na kibandiko cha mlango wa dereva kinataka 30. Nikajaza, uzito ukapungua kidogo.

Halafu nikainua mbele kwa jeki, nikaweka stendi, injini imezimwa. Mtazameni mdogo wangu anavyozungusha: kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, hakuna pa kukwama. Ingekwama hapa, mchawi tungemtafuta kwenye bolijointi (viungo vya magurudumu ya mbele), au ile jointi ya shafti ya usukani pale kwenye miguu ya dereva. Ile ikishika kutu inakaza sehemu moja, inaachia nyingine. Zetu ni nzima, kwa hiyo shida iko kwenye msukumo wa oili.

Sogeza kamera hapa kwenye kopo la oili ya stelingi. Hii ni ATF, oili ya giaboksi ya otomatiki inayotumika pia kwenye stelingi, inatakiwa iwe nyekundu. Ya kwetu imekuwa kama kahawa ya kijiweni, na juu ina povu. Povu ni hewa, na pampu ikivuta hewa haina cha kusukuma. Nikakaza kibano cha bomba linaloingia kwenye pampu, povu halikuondoka.

Hapo ndipo nikaipa chupa nafasi yake. Nikamimina nusu, nikaendesha wiki nzima. Nitende haki: ule unyevu wa oili kwenye raki, ile fimbo inayosukuma magurudumu kulia na kushoto, ulipungua kweli. Dawa hizi zinalainisha mpira, sili iliyokauka inavimba kidogo na kuziba. Lakini uzito? Palepale. Na pampu bado inaunguruma nikikata kona.

Basi nikanyonya oili yote kwa sirinji (na nusu ya hela ya chupa ikaondoka nayo), nikamulika tochi ndani ya kopo. Angalieni chini kule. Kuna wavu wa kuchujia, na wote umezibwa na ute mweusi kama grisi. Pampu inavuta oili, oili haipiti, inaanza kunyonya hewa. Nikalifungua kopo, nikaliosha kwa petroli, nikalikausha kabisa, nikatia ATF mpya. Nyie someni kifuniko cha kopo lenu kwanza. Honda, kwa mfano, inataka oili yake maalumu. Na msije mkatia oili ya breki humo, sili zote zitaharibika.

Kutoa hewa: magurudumu yakiwa juu, injini imezimwa, zungusha taratibu mwisho hadi mwisho kama mara 15 huku unaongeza oili. Kisha washa, rudia. Usishikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde 5, pampu inachemka bure.

Ona sasa. Mkono mmoja, gari limesimama.

Chupa je? Kama raki yako inatoa jasho tu na hujawa tayari kuishusha, nunua. Bomba likiwa limepasuka, ni kumwaga hela. Na kama shida yako ni uzito peke yake, utaimimina kama mimi na bega litaendelea kuuma.

Kuna kitu kimoja kimebaki. Asubuhi nikiwasha na kukata usukani wote, mkanda unaozungusha pampu unapiga kelele. Nimeushika, una mng'ao kama umepakwa vanishi, nikiubonyeza kwa kidole gumba unazama sana. Mpya huu hapa, bado uko kwenye karatasi yake. Mdogo wangu, hebu lete spana namba 12 na 14.