Jumapili ndani ya Riverside Church, New York: uzoefu wangu kama mgeni

Ndugu akiniuliza akasali wapi Jumapili akiwa New York, namtajia Riverside Church kabla hajamaliza swali. Niliingia pale nikiwa Mlutheri wa kutoka Arusha, nimekuja kumsalimia mpwa wangu anayesoma mjini humo, simjui muumini hata mmoja. Nilitoka nikiwa na watu wanaonijua kwa jina. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu kila nikirudi nyumbani naulizwa swali lilelile: ni kweli kwamba kule Marekani Wazungu wana kanisa lao na weusi wana la kwao? Na kama ni kweli, Mwafrika akiwa mgeni aende wapi?

Ni kweli kwa sehemu kubwa. Martin Luther King Jr. alilisema kwenye televisheni mwaka 1960, kwamba saa tano asubuhi ya Jumapili ni mojawapo ya saa ambazo Wamarekani wametengana kuliko zote. Na aliyeanza kutenga si mweusi. Mwishoni mwa karne ya 18, katika kanisa la Kimethodisti la St. George's mjini Philadelphia, Absalom Jones alishikwa na kuinuliwa kwa nguvu huku akisali, kwa kuwa alipiga magoti mahali ambapo mweusi hakutakiwa. Yeye, Richard Allen na wenzao wakatoka nje. Mwaka 1816 Allen akawa askofu wa kwanza wa kanisa la African Methodist Episcopal. Kwa hiyo ukiingia katika kanisa la Wamarekani weusi, usidhani walijitenga kwa kupenda. Waliondolewa wakiwa wamepiga magoti.

Nilikuwa na jambo jingine moyoni. Safari ya nyuma nilisali katika kanisa moja la kitongojini katika nchi hiyohiyo, ambalo sitalitaja. Watu walinitabasamia sana. Kisha mchungaji akanitangaza kuwa rafiki yao kutoka Afrika, wakapiga makofi, na baada ya ibada mama mmoja akaniuliza kama ninahitaji nguo za msaada. Naamini hakuwa na nia mbaya. Lakini niliondoka nikijisikia kama picha kwenye kalenda ya wamisionari.

Riverside ipo Morningside Heights, upande wa magharibi wa Manhattan, kwenye barabara ya Riverside Drive kati ya mtaa wa 120 na wa 122. Unapanda treni ya chini ya ardhi namba 1, unashuka kituo cha mtaa wa 116 penye Chuo Kikuu cha Columbia, kisha unatembea kuelekea kaskazini. Huwezi kulikosa. Mnara wake una futi 392, karibu mita 120, na ndani yake zimo kengele 74, kubwa kuliko zote ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 18. Mto Hudson uko chini yako, na ng'ambo ya barabara ni kaburi la Rais Ulysses Grant. Jengo lilifunguliwa Oktoba 1930 kwa fedha za John D. Rockefeller Jr., mrithi wa utajiri wa mafuta, na mchungaji wake wa kwanza alikuwa Harry Emerson Fosdick. Juu ya mlango mkuu wamechongwa wanasayansi pamoja na watakatifu, na Albert Einstein yumo, ingawa wakati huo alikuwa bado hai. Mpwa wangu alitaka tusimame pale tumtafute Einstein. Mimi nilitaka kuingia.

Jengo la mawe la ukubwa ule, lililojengwa na tajiri, lingeweza kumtisha mgeni. Watu wa mlangoni ndio wanaoiondoa hofu hiyo. Walikuwa wawili: mzee wa Kizungu aliyevaa suti ya kijivu, na mama mweusi mtu mzima mwenye kofia yake ya Jumapili. Mama ndiye aliyetusogelea. Hakuuliza tunatoka nchi gani. Aliuliza kama tumewahi kusali pale. Nilipomwambia ni mara ya kwanza, alinipa ratiba ya ibada, akaifungua, akanionyesha kwa kidole wapi watu husimama na wapi hukaa. Kisha akasema, "Kaa popote unapopenda, mwanangu. Humu hakuna kiti cha mtu."

Niliyafikiri sana maneno yale nilipokwisha kukaa. Kwa umri niliomkadiria, mama huyu alikuwa msichana tayari wakati ambapo katika majimbo ya Kusini mweusi aliweza kukataliwa kiti mkahawani kwa mujibu wa sheria. Sheria ya taifa ya kukomesha jambo hilo ilitoka mwaka 1964. Na sasa yeye ndiye anayeshika mlango na kuniambia nikae nipendapo.

Watu wa rangi mbalimbali kukaa benchi moja si ajabu New York. Utawaona hata ndani ya treni namba 1. Kwa hiyo mimi nilikuwa natazama nani anafanya nini. Somo la kwanza lilisomwa na kijana mwenye asili ya Asia. Maombi ya kanisa yaliongozwa na mama mweusi, na aliomba bila haraka, akiwataja wagonjwa, wafungwa na watu waliofukuzwa kwenye nyumba walizopanga. Sadaka ilipitishwa na wazee wa Kizungu na vijana weusi na mama mmoja aliyekuwa akizungumza Kihispania na wenzake. Kwaya iliimba wimbo wa Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, ikifuatana na kile kinanda kikubwa cha mabomba ambacho unakisikia hadi kwenye mbao za benchi, na baadaye ikaimba mmoja wa nyimbo za kiroho za watumwa, bila ala yoyote. Aliyeimba peke yake katika Bach alikuwa mwanamume mweusi mwenye sauti nzito. Katika ule wimbo wa watumwa niliwaona wazee wa Kizungu wamefumba macho, wanaujua neno kwa neno. Hakuna aliyegawiwa muziki kwa rangi yake.

Kwangu hicho ndicho kipimo. Kanisa linaweza kuwa na nyuso za kila rangi kwenye mabenchi, na bado maamuzi, mimbari na mfuko wa sadaka vikabaki mikononi mwa kundi moja.

Wala Riverside haikufika hapo kwa kuteleza tu. Tarehe 4 Mei 1969, James Forman, mwanaharakati mweusi, alisimama katikati ya ibada ya Jumapili kanisani humo akidai makanisa ya Wazungu na masinagogi yalipe fidia ya dola milioni 500 kwa ajili ya utumwa na unyonyaji uliofuata. Mchungaji mkuu, Ernest Campbell, alitoka nje, na waumini wengi wakamfuata. Lakini Julai mwaka huohuo Campbell yuleyule alipanda mimbarini akahubiri akitetea fidia. Miaka 20 baadaye, mwaka 1989, James Forbes akawa mchungaji mkuu wa kwanza mweusi wa kanisa hilo, mwana wa Kipentekoste kutoka North Carolina, akakaa hadi 2007. Mwaka 2022 wakamchagua Adriene Thorne, mwanamke mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, ambaye kabla ya uchungaji alikuwa mcheza dansi wa jukwaani. Naiheshimu historia hiyo zaidi kuliko kama wangekuwa hawajawahi kugombana.

Mimbari yenyewe ilinishika. Hapo ndipo King alipohutubia tarehe 4 Aprili 1967 kupinga vita vya Vietnam, hotuba iliyomgharimu marafiki wengi serikalini. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, aliuawa Memphis. Na hapo ndipo Nelson Mandela alipopokelewa Juni 1990, miezi minne tu baada ya kutoka gerezani. Sisi ambao nchi yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC makazi Mazimbu na Dakawa, kule Morogoro, tuna jamaa wengi katika habari hiyo. Nilimwonyesha mpwa wangu mahali pale, naye akanyamaza kidogo, kijana ambaye kwa kawaida hana utulivu.

Ulipofika wakati wa kupeana amani, watu walitoka kabisa kwenye mabenchi yao. Mwanamume mmoja wa Kizungu aliniuliza jina, akalirudia mpaka akalipata, kisha akanitambulisha kwa mke wake kwa jina hilo, na mke akanitambulisha kwa jirani. Katika Sala ya Bwana, aliyeongoza alisema kila mtu aisali kwa lugha iliyo karibu na moyo wake. Nikaanza "Baba yetu uliye mbinguni" kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosali usharikani kwetu. Kushoto kwangu kulikuwa na Kihispania, nyuma Kikorea kama sikosei, na tulifika kwenye "Amina" karibu pamoja. Sikutegemea kutokwa na machozi New York, lakini yalinitoka.

Kuna jambo litakalowashangaza wengi wetu: mgeni hasimamishwi. Kwetu wageni husimama, wakataja jina na usharika wanaotoka, wakatoa salamu, wakaimbiwa, na ukiwa mgeni wa maana utaandaliwa soda ofisini kwa mchungaji. Naupenda utaratibu wetu na nisingependa upotee. Lakini unafaa pale ambapo mgeni na wenyeji ni watu wa aina moja. Mahali ambapo rangi yako peke yake inatosha kukutangaza, ni heshima kubwa kuachwa ukae, usali, ujitokeze ukiwa tayari. Pale kulikuwa na kadi ya kujaza kwa anayependa, na mwaliko wa chai baada ya ibada.

Nenda kwenye hiyo chai. Usikimbie. Ukiondoka mara tu baraka inapotolewa, utakuwa umeona jengo na kusikia kwaya, na watu hutakuwa umewaona. Nilikaa meza moja na mzee mmoja mweusi, mwalimu mstaafu, na dada wa Kizungu aliyehamia kutoka jimbo la Ohio. Wakaniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na Mmarekani. Usharika wenu unawalea vipi vijana wanaohamia mjini? Kwaya zenu zinatunga nyimbo zenyewe? Mnafanya nini familia ikishindwa gharama za msiba? Nikawaeleza jinsi jumuiya ndogondogo zinavyokutana nyumbani kwa watu katikati ya wiki, na jinsi jirani wanavyohamia msibani na sufuria zao. Nikawaambia pia kwamba kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ni miongoni mwa makanisa makubwa zaidi ya Kilutheri duniani. Yule dada alitoa kalamu, akaandika. Alitaka kujua jumuiya moja huwa na nyumba ngapi na nani huongoza, kwa kuwa kwao watu huishi ghorofa moja miaka mingi bila kujuana. Walinipokea kama mtu aliyekuja na kitu mkononi. Ndiyo maana nalisifu kanisa hili kwa moyo wangu wote.

Na nikiri lililoniingia nikiwa pale: sisi nasi tuna kazi. Katika miji yetu mikubwa ibada ya Kiingereza huwa na Wazungu na wasomi, ya Kiswahili huwa na sisi wengine, na makundi hayo hupishana mlangoni bila kujuana majina. Hatujawahi kumwinua mtu kwa nguvu kwenye magoti yake, lakini je, ni mara ngapi tumempa Mhindi au Mzungu wa usharikani kazi isiyokuwa ya kuchangia fedha?

Kwa anayejiandaa kwenda, mavazi si shida. Utaona suti na utaona jinzi. Ndani ni mawe matupu, kwa hiyo beba sweta. Sadaka ni hiari, na hakuna anayekutazama bahasha. Kanisa lina uhusiano na madhehebu mawili, American Baptist na United Church of Christ, lakini waumini wanatoka kila upande. Mahubiri hugusa siasa waziwazi, haki za wahamiaji, magereza, vita. Ni desturi ya mimbari ile tangu zamani. Na ujue kwamba wanawapokea wapenzi wa jinsia moja bila kificho, na limeandikwa katika misimamo yao. Najua hili ni zito kwa wengi wetu, na nisingependa mtu alikute pale bila kutarajia akashindwa kusali. Mimi nilisali.

Ukiwa na Jumapili mbili mjini, ya pili shuka Harlem, ni mwendo mfupi tu kutoka Riverside, ukasali Abyssinian Baptist Church, mtaa wa 138. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani ambaye baadaye aliuawa na Wanazi mwaka 1945, alisoma Union Theological Seminary, jirani kabisa na Riverside, mwaka 1930 hadi 1931. Rafiki yake mweusi, Frank Fisher, alimpeleka Abyssinian, akapokewa, akafundisha hata Shule ya Jumapili. Mzungu akiwa mgeni wa weusi, katika miaka ile ya ubaguzi. Fika mapema, kwa sababu watalii hupanga foleni nje, na mwambie wa mlangoni kwamba umekuja kusali.