Kibanda umiza cha Chikongola: hapa ukimponda mchezaji unaulizwa mechi gani

Nimeanza kwenda hiki kibanda cha kuangalia mpira AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024, na kila siku nasema ntaandika nasahau, leo naandika. Kipo Chikongola hapa hapa Mtwara mjini, bango hakina, ukisikia kelele umefika. Kiingilio jero siku za kawaida, Taifa Stars ikicheza au watani wa jadi Simba na Yanga wakikutana ni buku. Picha safi, sauti inasikika mpaka nje. Mabenchi ndo tatizo, ni mbao tupu hayana egemeo, na feni ni moja chini ya bati, mechi ya jioni kipindi hiki cha joto unatoka shati limelowa.

Sasa kwa nini narudi? Vibanda vingi nimekaa, Magomeni, Mikindani, hata Lindi nikiwa safarini, wabishi wapo kote, ila kwingine anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Hapa mwenye kibanda ana flashi imejaa mechi za zamani, ukisema fulani ana jina tu anakuuliza mechi gani, na kama anayo basi gemu ya siku ikiisha anaiweka watu wanakaa wanaangalia, bila kuongeza hela.

Juzi dogo mmoja kaanza na mshambuliaji wetu Mbwana Samatta, eti ni wa Ulaya tu, akivaa jezi ya Stars anakuja kutalii. Mzee mmoja kamgeukia, "Mwanangu, ile ya Zambia, AFCON ya Ivory Coast, uliiona?" Dogo anasema niliiona mzee, Simon Msuva ndo alifunga. "Na pasi ya nani?" Kimya. Ikawekwa. Dakika ya 11 Samatta anaupenyeza mpira katikati ya mabeki, Msuva anamaliza. Dogo kaomba irudishwe, ikarudishwa mara tatu.

Mimi nimekaa na hili jambo muda mrefu na nasema wazi, jina la Samatta ni halali yake. Mwaka 2015 kabeba ubingwa wa Afrika na TP Mazembe akiwa mfungaji bora, akapewa tuzo ya mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika, 2019 kachukua ligi ya Ubelgiji na Genk, Machi 2020 kamfunga Man City fainali Wembley akiwa na Aston Villa, ingawa walilala 2-1. Hakuna aliyemgawia hayo. Stars hafungi hivyo kwa sababu kule alikuwa analetewa mipira ndani ya boksi, huku inabidi ashuke mpaka katikati kuifuata, na akishuka nani anabaki mbele?

Anayedaiwa heshima ni Msuva. Machi 2019 tunaipiga Uganda 3-0 uwanja wa Mkapa na kurudi AFCON baada ya miaka 39, bao la kwanza lake. Kwenye AFCON yenyewe kule Misri tulifungwa mechi zote tatu, lakini kwenye ile 3-2 ya Kenya Msuva kafunga na Samatta kafunga. Zambia yeye. Novemba 2024 na Guinea, 1-0 ya kutupeleka AFCON ya Morocco, yeye tena. Halafu mtaani ukiuliza staa wa taifa jina lake linatajwa la tatu la nne huko, mimi linaniuma kweli.

Kasoro kubwa ni jenereta. Usiku ule wa Zambia, wenzetu wako pungufu baada ya kadi nyekundu, sisi tunaongoza, umeme ukakata mwishoni mwishoni, jenereta likavutwa kamba likagoma, likavutwa likagoma, lilipowaka tukakuta 1-1, Patson Daka keshasawazisha dakika ya 88. Watu wazima walikaa chini. Nilimwambia mwenye kibanda siku ileile, kaka nunua betri hata ya kushika dakika kumi, akasema sawa, mpaka leo bado.

Nje kuna mama anakaanga mihogo na pweza, pilipili yake ni ya kweli, na korosho za kubanika zipo msimu ukiwa umekolea. Choo kipo, kisafi, jambo ambalo vibandani ni adimu. Nampa nne kwa tano, hiyo moja ni ya jenereta. Stars ikicheza fika saa nzima kabla na ukae upande wa mlangoni, upepo wa bahari unapitia pale.