Unga wa kutoa madoa: miezi saba nikiutumia kwenye mashati ya mtumba, Moshi

Nauza mashati ya mtumba pale soko la Memorial. Ukifungua belo la mashati meupe, faida yako iko kwenye makwapa. Kola hainitishi, kola chafu ni kipande cha sabuni na brashi, imekwisha. Kwapa lenye njano ndilo linalokula hela. Shati ambalo ningeliuza elfu sita, mteja analinyanyua, analielekeza kwenye mwanga, anasema, "Elfu moja na mia tano, kaka." Na huna la kumjibu, maana doa lote wawili mnaliona.

Miaka yote nilikuwa nategemea jiki ya kupima, ile wanayouza kwenye chupa za maji. Kwa mashuka sawa. Kwa kwapa ni kujichimbia kaburi. Ile njano ni jasho lililochanganyika na dawa ya kwapa na kukaa humo miaka, na klorini ikiikuta haiifuti, inaizidisha. Nimewahi kutoa mashati kwenye beseni yakiwa na njano iliyokolea kuliko ilivyoingia. Halafu kitambaa kinalegea: unakamua kidogo tu, kwapa limechanika.

Dada mmoja anayefua mashuka ya nyumba ya wageni ndiye aliyenitajia huu unga. Nikanunua kopo la kilo moja kwa shilingi 18,000, roho ikiniuma. Kampuni siitaji kwa sababu haina maana kuitaja: dukani niligeuza makopo matatu tofauti, na yote yameandikwa kitu kimoja kwa maandishi madogo, sodiamu pakaboneti. Kinachotofautiana ni rangi ya kopo, harufu waliyoweka na bei. Soma nyuma, acha picha ya mbele.

Wiki ya kwanza nilijua nimepigwa. Ilikuwa Julai, mlima umejifunika wingu siku ya nne, maji ya bomba yanauma vidole. Nikaloweka mashati matano, vijiko viwili vya unga, nikasubiri. Jioni natoa mashati, njano iko pale pale inanitazama, na chini ya beseni unga umelala kama mchanga. Nilikaribia kulirudisha kopo dukani.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Unga huu ukiyeyuka kwenye maji unaachia peroksaidi, ile ile dawa inayotoa povu wakimwaga kwenye kidonda, na kinachobaki ni ndugu yake magadi ya kufulia. Peroksaidi ndiyo inayovunja rangi ya doa. Lakini kwenye maji baridi inatoka kwa kujivuta, utalala na kuamka haijafika popote. Inataka moto. Siku hizi nachemsha sufuria ya lita tano, namimina kwenye ndoo yenye lita tano za bomba. Nusu kwa nusu inakupa nyuzi 60 hivi, moto wa kukufanya utoe mkono haraka. Unga unaingia kwanza, unakoroga kwa mwiko mpaka punje ziishe, ndipo mashati. Nguo yenye damu usiianzie huko. Damu ni maji baridi kwanza, ukiipa moto imepikwa hapo hapo na haitoki tena.

Mara ya kwanza nilivyofanya hivyo niliinama juu ya ndoo kama mtoto. Vipovu vidogo sana vilikuwa vinajikusanya kwenye mshono wa kwapa, mahali kitambaa kinapokutana mara mbili, vinapanda juu mfululizo. Ukitega sikio unasikia mchirizo mwembamba, kama soda iliyomiminwa sasa hivi. Baada ya saa nne nikafikicha na sabuni ya kipande, nikasuuza mara mbili, nikaanika. Njano ya kawaida ilikuwa imeondoka. Ile ngumu, inayoshikika kidoleni kama nta, ilipungua. Ilihitaji kurudiwa na maji mapya na unga mpya, kwa sababu ndoo iliyolala usiku kucha haina nguvu tena. Kwenye belo la mwisho nilitenga mashati 40 yenye makwapa mabaya. Nimeokoa 31. Yale tisa nimeyauza kama vitambaa vya fundi gereji.

Hesabu yenyewe: vijiko viwili vya chakula kwa ndoo, mashati manane. Usisahau mkaa au gesi ya kuchemshia maji, watu wanaosifia huu unga hawaiweki kwenye gharama. Hata hivyo bado nabaki na faida.

Harufu ya mtumba nayo inaondoka, ile ya stoo na dawa za kuhifadhia. Wenzangu wengi wanaifunika kwa dawa ya kulainisha nguo yenye manukato, nguo inanukia maua siku mbili, ya tatu mtumba umerudi juu na maua yameoza. Na nguo za nyumbani zilizovunda kwa kukosa jua, taulo hasa, saa tatu kwenye maji ya moto na unga zinarudi kuwa taulo. Vidoa vyeusi vya kuvu ni habari nyingine. Harufu inakwenda, vidoa vinafifia tu.

Sasa lawama. Maelekezo yote yalikuwa kwa lugha mbili nisizozijua, na kijiko cha ndani ni cha kuchezea watoto. Kopo likiingia unyevu unga unagandamana. Hakuna sehemu iliyoniambia kwa herufi kubwa kwamba sufu ni mwiko, nikaloweka sweta zuri kabisa la kuuza wakati wa baridi, likatoka gumu, linakwaruza kama gunia. Kitenge na nguo za rangi, jaribu kwenye pindo la ndani kwanza.

Na hili lisikilizeni: maji yaliyobaki mwageni. Mimi kwa ubahili niliyahifadhi kwenye chupa ya lita moja na nusu, nikafunga kizibo kwa nguvu zote. Unga unaendelea kutoa hewa humo ndani. Saa nane za usiku, paaa! Jikoni kumelowa mpaka darini, mke wangu amekaa kitandani ananiuliza kama tumevamiwa. Usiuchanganye na jiki pia, na jiki yenyewe usiichanganye na siki wala ndimu kwa kudhani unaongeza nguvu. Hiyo inatoa hewa ya sumu, kwenye bafu lisilo na dirisha unaweza usitoke.

Uliponishinda kabisa ni kwa shati langu mwenyewe. Mimi ni wa Same, migomba naijua ya kununua. Nilikwenda Kibosho kwa wakwe, nikajitolea kukata mkungu na kukatakata magogo ya mgomba ya kulisha ng'ombe, nimevaa shati jeupe. Utomvu ulinirukia kifuani, unaonekana kama maji tu, nikaupuuza. Kufika jioni nina ramani ya kahawia kifuani. Nikamwambia mama mkwe asijali, nina dawa mjini. Akaniangalia kwa huruma.

Nilililoweka mara tatu. Maji ya moto, unga vijiko vinne, usiku mzima, kisha ndimu na chumvi ambavyo kwa kutu hunisaidia, kisha unga tena. Shati lote likang'aa, na ramani ikaonekana vizuri zaidi. Nikampigia simu.

"Shikamoo mama. Lile doa limekataa."

"Marahaba baba. Hilo ni la mgomba, lingefuliwa pale pale bado bichi, labda. Likishakauka ndio limehamia. Wewe uliona nani wa huku anaingia kihambani, kwenye migomba, na shati la kanisani? Lilete."

Nimelipeleka. Limetundikwa kwenye msumari nyuma ya zizi, pamoja na mengine matatu ya mashemeji, yote yana ramani.