Muhuri wa ukoo wa Chen: duka la mchonga mawe Guangzhou, nyota nne

Huu mwaka wa tisa nanunua mzigo Guangzhou, mabegi na vitambaa vya mapazia kwa ajili ya duka langu la Kariakoo, na miaka yote hiyo wakala wangu ni mwanamke mmoja tu. Namwita dada Chen. Ndiye anayekwenda kiwandani kufungua maboksi na kuvuta zipu moja moja kabla konteina halijafungwa. Safari hii alikuwa anafungua ofisi yake mwenyewe. Vitenge nimeshampelekea mpaka vimemjaa kabatini, nikaona nimpe kitu cha kwao: muhuri wa jiwe, uliochongwa jina la ukoo wake.

Duka nililoelekezwa liko kwenye uchochoro usio mbali na Xiaobei, mtaa tuliouzoea Waafrika. Upana wake ni mlango na nusu. Ndani kuna mzee wa miaka sabini na kitu, kijana anayejifunza kazi, rafu ya mawe, na feni inayopuliza vumbi la mawe moja kwa moja kwenye chai ya mteja. Nendeni na barakoa.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachagua jiwe, unatoa jina, halafu unaulizwa: herufi nyekundu au nyeupe? Nyeupe ni rahisi, fundi anachimba herufi zenyewe, ukigonga muhuri karatasi inabaki nyeupe pale palipochimbwa. Nyekundu anachimba kila kitu isipokuwa herufi, zinabaki zimesimama kama kuta za nyumba, na bei nayo inasimama. Nilichukua nyekundu. Jiwe la Qingtian, linatoka mkoa wa Zhejiang, rangi ya chai ya maziwa, laini kiasi kwamba patasi inapita bila kulipasua. Yuan 260, pamoja na kikopo cha wino mwekundu.

Sasa balaa. Jina nililituma kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu kuandika Kichina siwezi. Nikasema Chen. Angalau mimi nilijisikia nikisema Chen. Siku ya tatu nakwenda kuchukua, nikapiga picha nikampelekea kijana mmoja wa Tanga anayesoma huko, ndiye mkalimani wangu. Akanipigia hapo hapo. "Mama, hii siyo Chen. Hii ni Cheng." Ukoo mwingine kabisa! Herufi yake ina alama ya nafaka upande wa kushoto, na haihusiani na dada yangu hata kidogo.

Nilianza kupandisha sauti. Mwanafunzi wa mzee akasikiliza ujumbe wangu tena, kwa sauti ya juu, duka zima likasikia: Cheng. Nikanyamaza.

Mzee hakucheka. Alisubiri kijana wa Tanga afike, akamwuliza swali ambalo mimi Mchaga nimekua nalo: Chen gani? Kwetu ukisema unaitwa Massawe, mtu mzima atakuuliza Massawe wa wapi, na mpaka umtaje babu hujajibu. Nikadhani ni hilo. Kwanza alikuwa anauliza la herufi. Wachina wakitaja jina hili kwenye simu husema "Chen wa sikio na mashariki", kwa sababu alama ya kushoto inafanana na sikio na ya kulia ni neno mashariki. Ukisema hivyo hakuna atakayekuchongea Cheng. Mzee akaongeza, huku akichora kwa kidole kwenye vumbi la meza, kwamba lile sikio siyo sikio. Kwenye maandishi ya zamani, yale yanayotumika kwenye mihuri, ni kilima chenye ngazi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona thamani ya hili duka. Mzee alivuta kiti, na wakati anasugua uso wa jiwe jipya kwenye msasa wenye maji, alitupa habari za hilo jina tangu mwanzo wake. Kijana wa Tanga alitafsiri mpaka koo likamkauka.

Chen ilikuwa nchi kabla haijawa ukoo. Karne ya 11 KK, mfalme Wu wa Zhou alipoiangusha nasaba ya Shang, alimtafuta mtu wa kizazi cha Shun, mfalme wa kale anayesimuliwa kwenye hekaya zao. Akapatikana mmoja aitwaye Gui Man. Akapewa binti mkubwa wa mfalme, na akapewa nchi ndogo ya Chen, eneo la Huaiyang katika mkoa wa Henan wa leo. Kaburi lake liko huko, na watu wa ukoo huo wanatoka hata ng'ambo kwenda kuzuru. Mwaka 478 KK dola la Chu likaimeza ile nchi. Watu wake wakatawanyika, na wengi wakabeba jina la nchi iliyokufa kama jina lao.

Wengine walikuwa wameshaondoka mapema. Mwaka 672 KK mwana wa mtawala, Chen Wan, alikimbilia nchi ya Qi baada ya vurugu za kugombea kiti. Akapewa hifadhi na kazi. Kizazi chake kikajulikana kwa jina la Tian, kikaota mizizi taratibu, na mwaka 386 KK kikatambuliwa rasmi kuwa ndicho kinachotawala Qi. Mzee alilisema hili bila kuinua macho kutoka kwenye jiwe, na mimi nikacheka peke yangu. Mkaribishe mgeni sebuleni.

Lakini niliyempenda ni Chen Shi, wa eneo la Yingchuan, hukohuko Henan, aliyeishi kati ya mwaka 104 na 187 BK. Neno Yingchuan mtalikuta limeandikwa kwenye nyumba za ibada za ukoo huu sehemu nyingi. Usiku mmoja mwizi aliingia kwake akapanda juu ya boriti kujificha. Chen Shi akamwona, akajifanya hajamwona. Akawaamsha watoto na wajukuu, akawakalisha chini akaanza kuwaasa: watu waovu hawakuzaliwa waovu, ni mazoea tu, mfano ni huyo bwana aliye juu ya boriti. Mwizi akashuka mwenyewe akapiga magoti. Akapewa jora mbili za hariri aende zake. Mpaka leo Wachina wakitaka kumtaja mwizi kwa heshima humwita bwana wa kwenye boriti. Mimi ni muuza vitambaa. Jora mbili za hariri siyo mchezo.

Kilichonigusa mfukoni ni habari ya tahajia. Kwenye daftari langu nina Chen wa Guangzhou, nina Chan wa Hong Kong anayeniletea zipu, nina Tan wa Malaysia. Mzee aliandika herufi moja tu: wote hao ni hiyo. Kikantoni wanaitamka Chan, watu wa Fujian ya kusini na kizazi chao huko Singapore na Malaysia wanasema Tan, Wavietnam wanasema Tran, na akina Tran walitawala kwao kuanzia 1225 hadi 1400. Miaka ya nyuma benki yangu ilinizuilia malipo siku sita kwa sababu ankara ilisema Chen na akaunti ikasema Chan. Ningekuwa nimekutana na huyu mzee, ningejua la kujibu.

Kwa China nzima Chen ni ukoo wa tano kwa wingi, baada ya Wang, Li, Zhang na Liu. Ukiingia Guangdong, mkoa wenye Guangzhou, ndio wa kwanza. Kwa hiyo mzee akatufukuza: jiwe linahitaji siku mbili, nendeni mkaone nyumba ya ukoo wao. Tulishuka kituo cha treni ya chini ya ardhi kinachoitwa kwa jina la nyumba yenyewe, kiingilio yuan 10. Ni jengo lililojengwa kati ya 1888 na 1894 kwa michango ya akina Chen wa wilaya 72 za Guangdong, ili vijana wao wanaokuja mjini kufanya mitihani ya serikali wapate pa kufikia. Mitihani yenyewe ilifutwa 1905, kabla rangi haijachakaa. Leo ni jumba la makumbusho la sanaa za jadi. Watu huangalia paa, na wana haki, lina wanasesere wa udongo wa Shiwan wamejipanga kama wako harusini. Mimi nilikwama kwenye nguzo fupi za mawe za ukumbi mkubwa. Badala ya simba, wamechonga matunda ya kwao. Nanasi! Nanasi la jiwe, na macho yake yote.

Siku mbili zikawa nne. Hapo naondoa nyota, kwa sababu ndege hainisubiri. Wino nao kifuniko hakikazi, umemwagika kwenye begi langu na blauzi moja imekwenda. Muhuri wa pili nililipishwa nusu, nikaona ni haki kwa wote wawili. Malipo ni kwa simu tu, noti mzee anaziangalia kama za kale. Lakini kazi! Kile kilima chenye ngazi kimesimama upande wa kushoto, mistari myembamba kama uzi wa cherehani, na ukingo mmoja ameubomoa makusudi kidogo ili usionekane wa mashine. Ubavuni kachonga herufi mbili ndogo: Yingchuan.

Dada Chen alizisoma zile za ubavuni kwanza. Mume wake ni Lin na mtoto wake ni Lin, maana mwanamke wa Kichina akiolewa habadilishi jina la ukoo. Nyumbani kwake Chen ni yeye peke yake. Aligonga muhuri kwenye ankara yangu, akagonga tena kwenye kiganja cha mkono wake.

Mkienda, pelekeni jina limeandikwa kwenye karatasi. Na kama kuna mtu ana wakala anayeitwa Cheng, ninao muhuri dukani kwangu, mpya kabisa, namwachia kwa nusu bei.