Bustani ya meza: matembele safi, fundi hovyo

Naandika bado nina hasira, mtanivumilia. Mi natumia kiti mwendo, kuinama siwezi kabisa, sasa nikaona kuna jamaa hapa Dar wanatengeneza bustani za meza, yaani boksi la mbao lenye udongo limenyanyuliwa juu, ndoo ya maji pembeni, mirija ya matone inapita kwenye mboga, unafungua koki asubuhi umemaliza. Nikasema hii ndo yangu, nikalipa advansi.

Fundi akaja, mtoto wa dada yangu ndo akamfungulia geti. Kuanzia hapo huyo fundi hakuongea na mimi tena. Nipo hapohapo, hela natoa mimi, yeye anamuuliza dogo, "Eti mama anataka ikae wapi? Mama ataweza kufika hapa?" Dogo mwenyewe mchicha anaujua ukiwa kwenye sahani tu. Nikamwambia kaka niulize mimi, kilichokufa ni miguu, masikio yapo. Akacheka, akamgeukia dogo tena!

Halafu kupima. Akasimama wima, akaweka mkono kiunoni kwake, akasema hapa panatosha. Kiunoni KWAKE. Mtu wa kiti anataka uwazi chini, kama sentimita 70 hivi, magoti yaingie, na kama unafikia upande mmoja tu basi upana usizidi sentimita 60 maana mkono una mwisho wake. Wala udongo hauhitaji kina kikubwa, mboga za majani sentimita 20 zinazitosha. Yeye akapigilia mbao mpaka chini, ati ipendeze, kwa hiyo nakaa ubavu ubavu najinyoosha mpaka bega linawaka. Na koki kaiweka upande wa ukutani. Ukutani jamani! Kila asubuhi nimwite mtu anifungulie maji, sasa nilinunua ya nini?

Nikapiga simu ofisini kwao, dada wa watu ananijibu wateja wengine hawajalalamika. Wateja wengine wanasimama, mpenzi!

Ila nisiwe mchoyo, yenyewe inafanya kazi. Nimechomeka marando ya matembele, sa hivi yanamwagika mpaka ukingoni, unachuma yanachipua, sio kama mchicha ule wa kung'oa halafu unaanza upya na mbegu. Juu nimetandaza majani makavu, udongo haukauki haraka na magugu ni ya kuhesabu. Kipindi kile cha jua kali majirani wananunua mboga mi nachuma. Tatizo maji ya kisima ya huku yana chumvi, vitundu vya mirija vinaziba, inabidi uvichokonoe na pini, na hilo hawakunitajia kabisa wakati wa kuchukua hela.

Nilianza kuandika hapa nikiwa na nia ya kutoa nyota tatu, kwa heshima ya matembele. Lakini nikikumbuka "mama ataweza kufika hapa" naona hata mbili ni nyingi. Nawapa moja, na hiyo ni ya ndoo.

Mkitaka, nunueni mirija yao tu, meza mpe seremala wa mtaani kwako, na akija kupima uwe umekaa kwenye kiti chako. Wangu anakuja wiki hii kukata ile mbao ya chini na kuniletea koki huku mbele, risiti nawatumia wao walipe.